Shemeji Anapiga Windows

Laptopu ya nyumbani kwetu haina mwenyewe mmoja, na hapo ndipo kesi zote zinapoanzia. Baba watoto ndiye aliyeinunua, Kariakoo, mtumba kutoka Ulaya: Intel ya kizazi cha sita, diski ya GB 500 ya zile zinazozunguka, betri imekufa tangu dukani, kwa hiyo haina uhai nje ya waya. Kwa wageni huitambulisha kuwa ni yake. Binti yetu wa kidato cha tatu anaishikilia kuliko wote kwa jina la masomo. Mimi naweka humo hesabu za kikoba, maana mimi ndiye mweka hazina. Wifi yangu, aliyeolewa akahamia Morogoro, alituachia humo video ya kicheni pati yake akisema kwetu ni salama kuliko kwake. Na mama mkwe, ambaye hata kuiwasha hajui, ana mali kubwa humo kuliko sisi wote: sauti ya marehemu mzee akitaja mipaka ya shamba la Muheza, mti kwa mti, kuanzia mfenesi wa mpakani hadi mtoni, iliyorekodiwa kwa simu ili wajukuu wasije wakadhulumiwa.

Vyote hivyo vilikaa D. Fundi wa Kariakoo aliigawa diski katikati, C ya mfumo endeshi na D ya vitu vya watu, akatuachia agizo moja: kompyuta ikileta shida, C inafutwa, D haiguswi.

Shida zikaja. Ukiiwasha unakwenda kuosha vyombo, unarudi unaikuta bado inazungusha vidoti. Kisha Windows 10 ikaanza kutuwekea matangazo kwamba muda wake wa kuhudumiwa umekwisha. Na kweli, Microsoft walifunga huduma hiyo tarehe 14 Oktoba 2025, wakataka watu wahamie Windows 11, ambayo kwa upande wa Intel inakubali kizazi cha nane kwenda juu. Yetu ni ya sita. Ikawa kama tumeambiwa tuhame nyumba huku nyumba mpya haitupokei.

Hapo ndipo shemeji, mdogo wake baba watoto, kitindamimba wa mama mkwe, alipojitokeza. Shemeji si fundi wa kompyuta. Ni mtu ambaye hajawahi kuona kitu kilichofungwa kwa skrubu akakiacha kimefungwa.

"Shemeji, hii mashine haina ugonjwa," aliniambia. "Inataka kupigwa Windows upya tu."

"Na vitu vyetu?"

"Viko D. Mimi nashughulika na C."

Nilisema, na sitaki isahaulike kwamba nilisema, kuwa uzito wa mashine ile ulitokana zaidi na diski yenyewe, sahani inayozunguka na mkono mdogo unaohangaika kutafuta vitu juu yake, na kwamba pesa ya kununua SSD ndogo ingetusaidia kuliko Windows ya kumi. Mwenye pesa hakusikia. Binti naye akauliza kwa nini tusihamishie vitu kwenye diski ya nje kwanza. Shemeji akacheka. "Diski ya nje ya nini, na D ipo?"

Hilo ndilo kosa ambalo nusu ya nyumba za mji huu zinalo. C na D si diski mbili. Ni sahani ileile moja, imechorewa mstari, na mstari wenyewe si kitu zaidi ya maandishi machache mwanzoni mwa diski yanayosema sehemu hii inaanzia hapa na kuishia pale. Diski ikifa, herufi zote mbili zinakufa siku moja. Na mtu akikosea mstari, ndiyo haya ninayoyasimulia.

Siku ya kazi ilikuwa Jumamosi. Baba watoto alitaka kila mtu aseme ana nini humo, ili baadaye pasiwe na lawama. Wifi aliwekwa kwenye spika ya simu kutoka Morogoro akataja kicheni pati yake, na kwamba kuna picha fulani humo za kabla hajaolewa ambazo hazihitaji kufunguliwa. Binti akataja masomo. Mama mkwe akataja sauti ya mzee. Mimi nikataja kikoba. Ilipofika zamu yake, baba watoto akasema, "Mimi sina kitu humo." Alilisema haraka. Mama yake akainamisha kichwa kwenye ungo wa mchele akaendelea kuchambua.

Shemeji akachomeka flashi, akazima, akawasha, akaanza kubonyeza. Kila kampuni ina kitufe chake cha kuiambia mashine isome flashi badala ya diski: kwingine F9, kwingine F12, kwingine Esc kwanza. Shemeji hakuona haja ya kujua kipi ni kipi, alivichapa vyote kwa zamu mpaka kimoja kikaitikia. Lugha, ndiyo. Masharti, nakubali, ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuyasoma. Kisha ikaja orodha.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya bega lake, kwa hiyo naweza kuieleza. Kulikuwa na mistari mitatu. Sehemu ya kwanza, MB 500. Sehemu ya pili, GB 232.6. Sehemu ya tatu, GB 232.6. Hakuna C, hakuna D. Programu ya kusimika Windows inaonyesha namba za sehemu na ukubwa wake, si zile herufi tulizozoea, na kwa kuwa yule fundi wa Kariakoo hakuzipa sehemu zake majina, na alikuwa mtu wa haki aliyegawa sawasawa, mtu alibaki na mapacha wawili.

Baba watoto akauliza kwa nini diski ya GB 500 jumla yake inakuja 465 na kitu, nani kala zilizobaki. Shemeji akafurahi kuulizwa. Akaeleza kwamba kiwanda kinahesabu kwa 1,000 na Windows inahesabu kwa 1,024, kwa hiyo hakuna aliyeibiwa, ni hesabu mbili za kitu kimoja. Ni maelezo sahihi kabisa. Akiwa katikati yake, kipanya kikiwa kimesimama mstari wa tatu, akabonyeza kufuta. Likatokea onyo kwamba vyote vilivyo katika sehemu ile vitapotea. Akalikubali bila kukatisha sentensi.

Mstari wa tatu ukageuka kuwa nafasi tupu. Akaichagua hiyo nafasi tupu, akasonga mbele, na asilimia zikaanza kupanda. Tukanywa chai.

Huko chumbani binti alikuwa anapiga pasi sare za wiki nzima, friji inanguruma, na LUKU ilikuwa imeshawasha taa nyekundu tangu asubuhi, jambo ambalo kila mtu aliliona na kila mtu alidhani mwenzake atalishughulikia. Umeme ukaisha. Laptopu, isiyo na betri, ikazimika papo hapo na asilimia zake.

Shemeji alishika kichwa. Alisema kukatiza kazi kama ile ni hatari kubwa kwa mashine. Baba watoto akanunua umeme kwa simu, akamsomea mdogo wake tarakimu 20, mdogo wake akakosea, mita ikakataa, wakarudia wakigombana kama tarakimu ya katikati ilikuwa sita au nane. Umeme uliporudi tukaiwasha laptopu, na wote tukashangaa: Windows ileile ya zamani, yenye picha ileile ya twiga, ikazungusha vidoti vyake ikafunguka.

"Imegoma kufuta," alisema shemeji, akiwa amepata nafuu.

Binti ndiye aliyefungua kuangalia diski. C ipo. D haipo.

Pakawa kimya, kisha mama mkwe akauliza, "Na sauti ya mzee?" Hakuna aliyemjibu. Shemeji akanyoosha mkono kwenye flashi akisema tumalizie kwanza kazi, mengine tutaangalia mbele ya safari, na binti yetu, ambaye kwa kawaida humwamkia baba yake mdogo kwa magoti yote mawili, akachomoa waya ukutani.

"Baba mdogo, usiandike kitu chochote humo. Hata neno moja."

Akaubeba waya akaenda nao chumbani kwake. Sijawahi kuona mtoto akimnyang'anya mkubwa madaraka kwa adabu namna ile.

Alichokijua yeye, na ambacho sisi wengine tulikuja kukijua usiku ule, ni kwamba shemeji alikuwa amefuta maandishi yanayosema sehemu ile iko wapi. Vitu vyenyewe vilikuwa bado vimelala palepale kwenye sahani, mpaka kitu kingine kije kiandikwe juu yake. Windows mpya ilikuwa imeanza kuja kuandikwa, na LUKU ikaikata njiani. Kwa mara ya kwanza tangu tuhamie nyumba ile, kuishiwa umeme kulituokolea mali.

Wifi, kwa hofu ya kicheni pati yake, akatuma diski ya nje ya TB 1 kwa basi la Morogoro, tukaipokea kwa kondakta kituo cha Magufuli pale Mbezi. Hiyo ni kanuni: kinachookolewa hakihifadhiwi kwenye diski ileile kinakookolewa, la sivyo unaokoa huku unazika. Binti akaiwasha laptopu kwa flashi yenye Linux Mint, ambayo inaweza kufanya kazi yote kutoka kwenye flashi bila kuigusa diski ya ndani, akaendesha programu mbili za bure za Christophe Grenier. Ya kwanza, TestDisk, hutafuta sehemu iliyopotea na kuirudisha nzima na majina yake. Ikashindwa, kwa sababu Windows mpya ilikuwa imeshaanza kujiandikia juu ya orodha ya zamani. Ya pili, PhotoRec, haijali orodha wala majina. Inapita sahani nzima kipande kwa kipande ikitafuta mianzo ya faili, maana kila aina ina mwanzo wake. Picha ya JPEG, kwa mfano, daima huanza na baiti FF D8, ikifuatiwa na FF nyingine. Ikiuona mwanzo huo, inakivuta kilichopo na kukipa jina la herufi f na namba. Binti akaiamuru ipite diski yote, mwanzo hadi mwisho. Ikafanya kazi usiku kucha.

Asubuhi tulikuwa na mafolda yanayoitwa recup_dir.1, recup_dir.2 na kuendelea, kila moja limejaa mamia ya faili zenye majina kama f0481632.jpg. Ya kwanza kwanza yalikuwa takataka: vinembo vidogo vya tovuti, vichwa vya njano vinavyocheka, matangazo ya viatu. Kisha zikaanza picha zetu, ovyo ovyo, ubatizo wa jirani karibu na mbuzi wa Idi karibu na ripoti ya shule. Zilizopigwa kwa kamera zilikuwa na tarehe ndani yake. Zilizopitia WhatsApp hazikuwa na kitu, kwa sababu WhatsApp huzivua habari hizo njiani, na ikabidi mama mkwe aketi na mjukuu wake akizipanga kwa kuangalia nani alikuwa bado ana meno.

Kicheni pati ilipatikana. Wifi alipigiwa simu akapiga vigelegele, kisha akauliza kama zile picha nyingine nazo zimepatikana. Zilikuwa zimepatikana. Akanyamaza.

Kikoba kilinipa jasho. Nilitegemea faili moja, nikapata zaidi ya kumi, kwa sababu kila unapohifadhi Excel nakala ya zamani inaweza kubaki mahali fulani kwenye sahani, na PhotoRec haijui ipi ni ya jana na ipi ni ya mwaka juzi. Kwenye moja nilikuwa tajiri. Kwenye nyingine mwenyekiti wetu alikuwa hajarejesha mkopo aliokwisha kuurejesha mbele ya wanachama wote. Nikatoa daftari la mkono, lile la karatasi wanalonicheka nalo kila Alhamisi, likaamua kesi.

Na katikati ya folda moja wakatokea watu tusiowajua. Theluji mpaka madirishani. Mbwa mkubwa mweupe. Mtoto wa kike ameziba pengo la meno kwa ulimi mbele ya keki. Barua za Kijerumani zenye nembo ya bima. Hao walikuwa wenye mashine kabla haijapanda meli, na yeyote aliyeiuza alikuwa ameifuta kwa namna ileile shemeji aliyoifuta, yaani hakuwa ameifuta. Mama mkwe alizitazama muda mrefu. Alitaka kujua mbwa analala ndani au nje.

Nilikuwa bado kwenye theluji binti aliponiita. "Mama, hii PDF ni ya nani?"

Ilikuwa hati ya mauziano ya kiwanja, Chanika, mwaka 2022, yenye mhuri wa serikali ya mtaa. Mnunuzi: baba watoto. Shahidi wa mnunuzi: mama mkwe, dole gumba. Mwaka 2022 ndio mwaka ambao pesa ya bati la jikoni ilikopeshwa kwa rafiki aliyefiwa, na ambao tuliweka sufuria chini ya paa masika nzima.

Nikamgeukia mwenye jina. Angeweza kusema mengi. Alichosema ni, "Hiyo mbona nilishaifuta?"

Shemeji akacheka mpaka akatoka nje.

"Ilikuwa sapraizi," alijaribu tena.

"Ya lini?"

"Mwanangu," mama mkwe akaingilia bila kuinua macho, "mimi niliambiwa ni kwa ajili yako. Nikaweka dole."

Sitaeleza mazungumzo ya usiku ule. Nitaeleza tu kwamba tangu hapo baba watoto amekuwa mtu wa kwanza nyumbani kutaka kompyuta ifutwe barabara. Vitu vyetu vilipokwisha kuhamishiwa kwenye diski ya wifi na nyingine niliyonunua mimi, na sauti ya mzee, iliyopatikana pia, ilipokwisha kutumwa kwenye simu ya kila mjukuu, shemeji alirudi akiwa amesoma. Alisema ili diski ifutike kweli lazima iandikwe juu yake mara 35. Baba watoto akaunga mkono hapohapo. Mara 35 ni sawa, alisema, hata 40.

Binti akakaa na kikokotoo. Kuandika sifuri juu ya diski kama ile, yote, mara moja, ni saa mbili hivi au zaidi kidogo. Mara 35 ni siku tatu mchana na usiku, mashine isiyo na betri, kwa LUKU ya nyumba hii. Kisha akasoma zaidi ya alipoishia baba yake mdogo. Hesabu ya 35 imetoka kwenye makala ya Peter Gutmann ya mwaka 1996, iliyokuwa na dawa kwa kila aina ya diski ya zamani, na Gutmann mwenyewe baadaye aliandika kwamba kuzirudia zote kwenye diski moja ya kisasa hakuna maana. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, unatosheka na kuandika juu yake mara moja kwa diski hizi za sumaku. SSD ni habari nyingine, ina amri zake yenyewe za kujisafisha, lakini SSD tulikataa kununua.

Kwa hiyo mara moja. Amri ni clean all, ndani ya diskpart. Ukiandika clean peke yake unafuta orodha, ukiongeza all inaandika sifuri kila mahali. Na haionyeshi asilimia. Haionyeshi chochote, ni kioo cheusi na mstari unaopepesa. Wanaume wawili wazima walikaa mbele yake mchana mzima wakiulizana kama inafanya kazi. Mimi nilikuwa nimeshanunua umeme wa kutosha na pasi nimeifungia kabatini.

Kabla ya hapo kulikuwa na ubishi kuhusu wale Wajerumani. Mama mkwe alisema picha ya mtoto wa watu haifutwi, ni mkosi. Binti alisema kuiweka ndiyo mbaya, kwa sababu hawakutupa. Nilimuunga mkono binti, na nakala za diski ya nje zikafutwa nazo. Najua mama mkwe ana picha ya yule mbwa kwenye simu yake. Simwambii mtu.

Mfumo tuliouweka ni ule wa Linux Mint wa kwenye flashi, bando la karibu GB 3 na hela sifuri, na haukuuliza kizazi cha mtu. Kikoba kinafunguka kwa LibreOffice, isipokuwa kichwa cha jedwali kimehama kidogo kulia na hakitaki kurudi. Baba watoto alizunguka humo akitafuta C iko wapi. Hakuna C wala D, binti alimweleza, Linux haitumii herufi. "Bora," alisema mama mkwe.

Jumapili tunakwenda Chanika kukiona kiwanja, mimi na futi kamba yangu. Shemeji ameomba kutusindikiza ili asaidie kupima mipaka. Amekataliwa kwa kura zote.